Mkono Wangu Hautatia Chokaa

San Onofre Yutanuu,
Mixteca, Oaxaca.
9 Mei 2017

Mpendwa mdogo wangu Wulfrano,

Pokea salamu kutoka huku mlimani, salamu za dada mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Hujambo huko Madera, ng'ambo ya mpaka? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukishinda umeinama kwenye mizabibu? Wifi yangu Odilia, kile kikohozi kimemwacha? Na wanangu Yesenia na Bryan hawajambo? Waambie shangazi yao anawakumbatia, na kwamba ile picha yao ya shule nimeibandika ukutani juu ya meko. Moshi umeanza kuwapa rangi, sasa wanafanana na watu wa kwetu.

Mimi sijambo. Mbuzi wamezaa watatu, majike wawili na dume mmoja. Mahindi ya mwaka jana bado yapo na panya hawajayamaliza. Kofia za ukindu nasuka kama kawaida. Mvua haijanyesha. Kila mtu hapa anatazama mbinguni, halafu ananitazama mimi, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Ijumaa ulipiga simu dukani kwa Hermelinda ukanifokea mbele ya watu waliokuja kununua sabuni. Sikukujibu, kwa sababu kila nilipofungua mdomo ulinikatiza. Karatasi haikatizwi. Gari la mizigo linaondoka Alhamisi, kwa hiyo barua hii utaipata mapema, pamoja na pilipili za kukausha alizoomba Odilia. Keti uisome yote kabla hujapandisha mori.

Nianze kwa kukubali yaliyo kweli. Ni kweli niliwekwa ndani siku ya Msalaba Mtakatifu, Jumatano iliyopita, nikatolewa kesho yake. Ni kweli niliketi ndani ya hodhi la chemchemi na sketi yangu ya sikukuu, ile ya zambarau. Ni kweli nilifanya hivyo kwa ajili ya samaki. Si kweli kwamba nilimpiga binamu yetu Abundio kwa ndoo. Ndoo ilituteleza wote wawili, na paji la uso lililokuwa karibu lilikuwa la kwake.

Najua kinachokuuma si paji la uso la Abundio. Zamu ya kutunza chemchemi mwaka huu ni yako, si yangu. Mkutano wa Januari ulikutaja wewe, nami nikasimama nikasema nitashika badala yako, kama nilivyoshika ulipopewa zamu ya kengele ya kanisa, na ile ya kulinda msitu. Nimefanya hivyo kwa moyo mmoja miaka yote kumi na tisa uliyokaa huko, ili jina lako lisifutwe kwenye daftari la kijiji. Kwa hiyo nikikosea mimi, anayeandikwa ni wewe. Usidhani nimelisahau hilo. Nililijua nilipokuwa naingia majini.

Unawakumbuka hao samaki? Tulikuwa tukiwaita vidole, kwa kuwa hawazidi kidole cha kati. Bibi alimweka mmoja ndani ya mtungi ale viluwiluwi vya mbu. Wewe ulimeza mmoja ukiwa na miaka minne, ukalia mpaka jioni ukidhani atakulia tumboni.

Nikueleze walivyo, kwa maana miaka mingi imepita. Mgongo ni rangi ya udongo wa mtoni. Tumbo ni jeupe na linapitisha mwanga, ukimwinua juani unaona alichokula. Ubavuni ana mabaka saba au manane yaliyofifia, utadhani mtu mwenye masizi vidoleni alimgusagusa akamwacha. Nyuma ya shavu ana doa moja jeusi. Mdomo wake mdogo umeelekea juu, kama wa mtu anayedai haki yake ofisini. Mimi nampendea huo mdomo.

Mwezi wa pili alikuja mwanamke mmoja kutoka chuo kikuu, Daktari Amparo, si daktari wa watu bali wa samaki. Alileta barua kwa mkutano, akaruhusiwa, nami kama mwenye zamu nikaambiwa nifuatane naye. Alikuwa na wavu unaotoshana na chujio la chai. Akaketi ukingoni mwa hodhi siku mbili na kioo chake cha kukuzia, anahesabu vijiti vya mapezi, anahesabu safu za magamba, anapima kichwa, anapima jicho. Alihesabu kwa sauti. Mimi nasuka kofia pembeni, nikajikuta nahesabu naye. Pezi la chini la samaki wetu lina vijiti kumi na kimoja. Jamaa zao wa mito mingine wana kumi na vinne au zaidi. Ukitaka kuniuliza kitu chochote juu ya pezi hilo, niulize.

Baada ya Pasaka akarudi kuuambia mkutano kwamba samaki huyu hajaandikwa popote, na kwamba amemtafuta katika mito ya vijiji sita vya jirani asimwone. Anaishi katika chemchemi yetu tu, katika hodhi lile lile tunaloteka maji.

"Mpya?" Abundio akadakia. "Huyu tumeoga naye tangu hatujaota meno. Upya wake uko wapi?"

Watu wakacheka, na daktari akacheka pia. Akasema ni mpya kwa wao waliokwenda shule tu. Hapo nikampenda.

Mzee Nazario, mwenyekiti wetu, hakucheka. Alisema leo ni samaki, kesho serikali italeta uzio, keshokutwa tutaomba kibali cha kuteka maji ya babu zetu. Si mjinga yule. Mimi mwenyewe nilimgeukia daktari mbele ya watu wote nikamtaka aseme. Akaandika katika kitabu chetu cha mikutano kwamba maji ni ya kijiji na samaki ni wa kijiji, akatia sahihi yake chini. Kwa hiyo wasikudanganye kwamba dada yako ameuza chemchemi.

Kuna jambo moja daktari hakulijua, akaniuliza mimi: samaki hawa wanazaana lini? Nikamwambia. Mwanzo wa mwezi wa tano madume hugeuka manjano tumboni na pindo la mkia likawa jekundu kidogo, wanakimbizana karibu na ukuta, na majike wanabandika mayai kwenye ukoga. Akaandika yote, akanisomea: "Kwa mujibu wa Etelvina, mtunza chemchemi." Sijawahi kuandikwa mahali popote, Wulfrano, isipokuwa kwenye cheti cha ndoa, na hapo walikosea herufi. Kisha akaniuliza baada ya hapo inakuwaje. Nikamwambia baada ya hapo, siku ya Msalaba, tunatia chokaa hodhini kuua ukoga na kuyafanya maji meupe. Akaacha kuandika. Hakuniambia nifanye nini, hata neno moja. Nilijiona mwenyewe mjinga, mbele ya hodhi nililoliangalia maisha yangu yote.

Sisi tumekua na chokaa mdomoni. Mahindi tunayachemsha nayo kila jioni, chapati zinanukia kwayo, kanisa ni jeupe kwa ajili yake. Ukimwambia mtu wa Yutanuu kwamba chokaa inaua, anadhani umepigwa na jua. "Dada," Abundio aliniambia, "mimi nakula chokaa mara tatu kwa siku na nina watoto tisa. Itaua nini?" Basi hilo ndilo kosa letu, na sidhani kuna watu wengine duniani wanaoweza kulikosea hivyo. Ile tunayokula mama zetu wameiosha maji matatu kabla ya kusaga. Samaki hawana wa kuwaoshea.

Kila mwaka baada ya sikukuu nilikuwa nawaona wameelea tumbo juu. Mama akasema ni joto. Mimi nikasema ni joto. Miaka hamsini nimesema ni joto! Wanaobaki ni wale wanaowahi kujipenyeza kwenye ufa wa mwamba, pale maji yanapotokea, na kila mwaka wanaotoka ni wachache kuliko mwaka uliotangulia. Mwezi wa pili mimi na daktari tuliwahesabu hawafiki mia moja.

Mila yenyewe siidharau. Naijua kuliko wengi wanaonipigia kelele. Mtunza chemchemi ndiye anayetia konzi ya kwanza ya chokaa, ujazo wa kiganja kimoja, kwa mkono wake, na kabla ya konzi hiyo hakuna anayethubutu kugusa maji. Msalaba uliosimama juu ya hodhi usipojiona kwenye maji meupe saa sita mchana, mvua inachelewa. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini zamani ilikuwa konzi ile moja na kibakuli kimoja, chokaa ya tanuru letu wenyewe, kisha watu wanasugua kwa mikono. Tanuru likabomoka. Sasa chokaa inakuja kwa lori, na mwaka huu ilikuja mifuko mitatu, imefungwa kitambaa chenye maneno mekundu: Zawadi ya wana wa Yutanuu walioko Madera. Nilijua sindano iliyotarizi herufi zile ni ya Odilia. Kazi nzuri sana, mwambie. Niliketi juu ya kitambaa hicho nikingojea bendi imalize kupiga, nikajisikia vibaya kukikalia.

Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia Abundio, ambaye mwaka huu ndiye msimamizi wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kwamba nitapaka chokaa msalaba na kuta za nje ziwe nyeupe kuliko theluji ya kwenye kalenda, na kwamba ndani ya hodhi nitasugua mwenyewe kwa brashi za katani, kidogo kidogo, hata ikinichukua mwezi mzima. Akacheka. Alidhani natania.

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuwepo, maua, mishumaa, vyungu vya tamali za unga wa mahindi, tarumbeta. Mzee Nazario akaninyooshea mkono nianze. Nikachota samaki wawili kwa bakuli, nikawapitisha mbele ya watu wawaone wanavyoogelea, halafu nikatia chokaa, ncha ya vidole viwili tu, kama unavyotia chumvi kwenye yai. Hawakumaliza dakika mbili. Nawajutia hao wawili mpaka leo, lakini sikuwa na njia nyingine ya kusema.

"Hata mimi ukinitia kwenye bakuli la chokaa nitakufa!" Abundio akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

"Ingia basi tukuone," nikamwambia.

"Wee Etelvina, usituchezee siku ya Msalaba!" Huyo ni Crescencia wa mishumaa, unamjua, sauti yake inafika kijiji cha pili. "Samaki mwenyewe hata kijiko hajazi!"

"Na wewe ulipozaliwa ulijaza kijiko? Mbona hatukukumwagia chokaa?"

Hapo hata waliokuwa upande wake walicheka. Mzee Nazario akaona mambo yanamponyoka, akaja karibu akasema kwa upole, "Dada, konzi moja tu. Moja. Hatukuombi makubwa." Nikatazama nyuma yake. Mifuko yote mitatu ilikuwa imekwisha kupasuliwa, vijana wameshika makoleo. Wakishapata konzi yangu, mifuko ingefuata kabla sijanawa mkono. Wanachohitaji ni mkono wangu, Wulfrano. Wangekuwa na chokaa ya dunia nzima, bila mkono huu hawaanzi.

Basi nikavua viatu nikaingia. Nikakaa chini ya msalaba, maji yakanifika kifuani, baridi ya kukata roho. Nikawaambia, "Mwageni basi. Nami nimo."

Bendi ilinyamaza, isipokuwa yule wa tarumbeta kubwa ambaye alikuwa amefumba macho, akaendelea peke yake. Abundio akaja na ndoo akijifanya anataka kuteka tu, nikaishika, akavuta, nikavuta, na mengine umeshasimuliwa. Mzee Nazario akaita mgambo. Wakaja wanne, na wa mbele ni Celerino, mwanangu wa ubatizo.

"Nisamehe, mama wa ubatizo. Nimetumwa."

"Nibebe vizuri basi. Ukiniangusha nitakulaani wewe na fimbo yako."

Wakanibeba wanne juu juu, sketi inachuruzika maji, kutoka chemchemini mpaka ofisini, kama wanavyombeba mtakatifu kwenye maandamano. Sikuona aibu hata chembe. Nilipita mbele ya nyumba ya kila mtu kichwa juu.

Mahabusu yetu unaijua, kile chumba cha nyuma chenye mifuko ya mbolea na ngoma iliyopasuka. Hermelinda akaniletea tamali na nguo kavu. Crescencia naye akaja. Alinitukana kwa muda mrefu sana, akataja mpaka mambo ya mwaka niliopigana na dada yake, kisha akasukuma blanketi lake kupitia kwenye nondo akaondoka. Ndivyo watu wetu walivyo, na ndiyo maana siwezi kuwachukia. Kesho yake Mzee Nazario alipofungua mlango alitaka niombe radhi. Nilimwomba radhi Abundio kwa paji lake la uso. Kwa mengine sikuomba, na sitaomba.

Chokaa haikutiwa. Tamali zililiwa, watu wakaenda kwao, maji yakabaki na rangi yake. Na mvua, kama nilivyokuambia, bado. Ikichelewa watasema ni Etelvina. Ikinyesha hakuna atakayenishukuru. Nimelikubali hilo.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana ulipopiga simu Ijumaa lilikuwa bado. Juzi Jumapili mkutano ulikaa. Wameamua kwamba Jumapili tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, watakupigia simu mbele ya kijiji kizima, spika juu, wakuulize swali moja: je, Etelvina anasimama kwa idhini yako?

Ukisema hapana, hapo hapo Abundio anashika zamu badala yako. Mkono wake unakuwa mkono wa mtunza chemchemi, na kabla ya saa sita konzi imetiwa na mifuko mitatu imefuata. Jina lako linabaki salama. Ukisema ndiyo, zamu inabaki mkononi mwangu mwaka huu na chokaa haitiwi, lakini wewe ndiwe uliyeasi msaragambo, na jina lako linafutwa. Sikufichi kinachokwenda nalo. Inakwenda sauti yako mkutanoni. Kinakwenda kiwanja, na ile nyumba yako yenye nondo zinazongojea ghorofa ya pili. Na linakwenda lile kaburi la kando ya mama. Mzee Nazario aliyasema yote bila kupiga kelele, na niliona hayampendezi. Ana kijiji kizima kinachongojea kupanda.

Niliposimama niliwaambia kiti ni cha mdogo wangu lakini mkono ni wangu. Niliwaambia pia kwamba kama kuna wa kufutwa, waniandike mimi kwanza kwa jina langu ndipo wanifute, kwa sababu miaka kumi na tisa nimefanya kazi za daftari lile bila kuwemo. Wanaume wakatazamana. Katibu akauliza kama aandike hilo. Mpaka sasa hajajibiwa.

Ulinifokea: "Dada, tia hiyo chokaa tuishi! Samaki hao wana faida gani?" Hawana faida. Hawaliwi, ni miba mitupu. Hawauzwi. Wanakula mbu, ndiyo, lakini siku hizi watu wana dawa. Sitakuongopea kwamba watatuletea watalii. Nakuambia hivi tu: mashamba yalipokufa kwa ukame wewe ulipata pa kwenda. Ulilia, lakini ulipata. Hawa hawana Madera yao. Hodhi likiwashinda, wamekwisha, na hakuna atakayewaona tena popote, wala mtoto wako wala wa Abundio. Nami nitakuwa nimekitia kifo hicho kwa mkono wangu, na safari hii siwezi kusema ni joto.

Leo asubuhi nilikwenda kuwatazama. Madume wameiva, manjano kabisa. Mayai yapo kwenye ukoga, ule ule wanaotaka kuuua, madogo kuliko mbegu za nyanya, na ukisogeza jicho unaona macho mawili yanakutazama kutoka ndani. Daktari anasema yatachukua wiki mbili au kuzidi kidogo. Piga hesabu mwenyewe yanaanguliwa Jumapili ipi.

Kwa hiyo naomba useme ndiyo. Sikuombi kama mtu anayeomba chumvi. Najua nakuomba nyumba na kaburi. Mama alipofariki hukuweza kuja, ukaniambia kwenye simu kwamba angalau siku moja utalala kando yake, na mimi ndiye niliyekuahidi kulilinda lile kaburi. Naikumbuka ahadi hiyo kila siku tangu Jumapili, na inanitoa machozi, na bado nakuomba useme ndiyo. Kama utanikasirikia, nikasirikie. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu uondoke, hata viatu sikukuomba.

Tucheke kidogo kabla sijamaliza. Jina la kitabuni la samaki wetu bado halijatoka, daktari anasema karatasi zake zinasomwa kwanza na wenzake. Unajua nani ameuliza kwa siri kama linaweza kuwa Nazario? Huyo huyo aliyenifungia. Nilimwambia aombe vizuri.

Nisalimie Odilia, na umwambie pilipili ndogo ni kali kuliko kubwa, asije akazitia zote. Wasalimie Yesenia na Bryan. Msalimie mtoto wa Hermelinda anayefanya kazi nawe, mama yake anasema ampigie simu, asingoje mpaka aishiwe. Huku wanakusalimu shangazi Teófila, ambaye sasa haoni lakini anakutaja, na Celerino na mkewe, na hata Abundio, ambaye amenipa salamu zako huku ameshika paji lake la uso.

Kuhusu Celerino nikuambie, usije ukalisikia kwa mwingine. Jana aliweka fimbo yake ya mgambo juu ya meza ya Mzee Nazario akasema hanibebi mara ya pili. Wale watatu waliobaki wamesema bila yeye hawanigusi. Tarehe ishirini na moja sitakuwa mkutanoni kusikiliza simu. Nitakuwa nimekaa majini tangu asubuhi, chini ya msalaba, na sketi ile ile. Kwa hiyo ukitaka kusema hapana, Wulfrano, sema, lakini ujue huku hakuna tena wa kunitoa. Itabidi uje unibebe mwenyewe.

Mungu akupe afya ya mgongo, akuepushe na jua la mchana, na akutie nguvu ulimini Jumapili hiyo.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata unapomfokea,

Etelvina,
mtunza chemchemi ya Yutanuu